Mguu Ambao Bi Time Hakuukanda

Pale buchani Konde walishamzoea. Bi Time wa Mgogoni akija, haulizi kwanza maini wala mbavu. Huomba apewe mguu wa mbele wa mbuzi kabla haujakatwa, akaukamata kwa mikono miwili, akaukunja, akaunyoosha, akaukunja tena, kichwa kakiinamisha upande kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Bakari, muuza nyama, siku za mwanzo alidhani mama huyu anatafuta kasoro ili arudishe nyama. Baadaye akatambua kuwa anachokitazama ni kano, ule uzi mweupe mgumu unaotoka kwenye mnofu ukaenda kujishika mfupani.

"Bi Time, leo unanunua au unasoma?" alimuuliza siku moja.

"Nasoma kwanza. Hebu tazama hapa. Nikivuta huku juu, kwato inakwenda kule chini. Nani kaiambia iende?"

Bakari alicheka mpaka akaweka kisu chini. Lakini Bi Time hakuwa anatania. Kwa miaka zaidi ya arobaini mikono yake ilikuwa inapita juu ya ngozi za watu, na kilichokuwa chini ya ngozi hizo hajawahi kukiona. Kwa mbuzi ndiko alikoweza kuchungulia.

Kazi yake ilikuwa kukanda. Aliianza akiwa na miaka tisa, alipopelekwa kuishi na shangazi yake, Bi Mwatum, mkandaji aliyejulikana mpaka Wete. Bi Mwatum alikuwa na mikono laini na ulimi mkavu. Alifundisha kwa maneno matatu, na ukiuliza la nne, hulipati.

"Ukikanda mguu, anzia chini wende juu."

"Kwa nini, shangazi?"

"Nishakwambia."

"Na nikianzia juu?"

"Anzia chini."

Kati ya mafunzo hayo makavu kulikuwa na moja alilolirudia mara nyingi kuliko yote. Akikuta mguu mmoja umevimba peke yake, wa moto, na mwenzake mzima, asiuguse. Time aliuliza kwa nini, akajibiwa asiuguse. Akauliza tena alipokuwa mwari, akauliza alipoolewa, akauliza siku ile Bi Mwatum amelala kitandani kwa maradhi ya mwisho. Bi Mwatum aligeuza uso ukutani. Akafariki na sababu zake zote, akamwachia Time mikono tu.

Wanawake walikuja kwake baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na chumba kidogo cha uani, mkeka, godoro jembamba, na chupa ya mafuta ya nazi aliyoipasha moto kwa kuiweka ndani ya bakuli la maji ya moto. Ndani ya mafuta hayo alitia matone ya mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, machache, maana yakizidi huunguza. Mtu akishalala, Bi Time hamwulizi anaumwa wapi. Huweka viganja viwili mgongoni akatulia kidogo, kisha ndipo akaanza kusafiri.

Alikuwa na mchezo wake wa siri. Akikanda mgeni, hujaribu kukisia anafanya kazi gani kabla hajaambiwa. Mwanamke anayelima mwani humkuta na kiuno kilichofunga kama fundo la kamba mbichi, na mapaja magumu kwa kuchutama majini. Aliyekaa msimu mzima akichambua karafuu, mgongo wa juu umepinda na gumba halitaki kunyooka. Mwalimu wa skuli hubeba kazi yake shingoni. Na siku hizi walikuwa wakija wasichana ambao hawajabeba hata ndoo, lakini shingo zao ngumu kuliko za walimu. Hao walimsumbua sana, mpaka alipomwona mmoja ameketi ukumbini akisubiri zamu yake, kainamia simu saa nzima bila kuinua kichwa.

"Alaa!" alisema peke yake. "Kumbe ni wewe."

Aliyemfundisha faida ya kukandwa mara kwa mara alikuwa Mwanawema, mkulima wa mwani. Mwanawema alifika mara ya kwanza hawezi kuinua mkono wa kulia hata kusuka nywele za mwanawe. Bi Time alimkanda, akaondoka akisema amepona. Baada ya siku nne akarudi vilevile. Bi Time akamwambia aje kila Alhamisi, na kila asubuhi autembeze mkono wake ukutani kwa vidole, kama kaa anayepanda jiwe. Wiki ya tatu hakukuwa na mabadiliko. Wiki ya saba Mwanawema alifika akiwa amejifunga kilemba kwa mikono yake mwenyewe. Usingizi pia ulimrudia, na mumewe akasema hata hasira zimepungua. Bi Time alifurahi, lakini usiku ule alilala akijiuliza. Mwili unajifunza? Na kama unajifunza, unasahau pia? Kwa nini mkono mmoja ukilegea, na moyo nao unalegea?

Hakuwa na wa kumwuliza.

Ndipo akaja Asma.

Asma alikuwa jirani wa nyumba ya nne, mwanamke mchapakazi mwenye haraka, mke wa Othman. Asili yake ni kisiwani Kojani, na mama yake, Bi Duni, bado alikuwa anaishi huko. Bi Duni aliteleza kwenye mawe ya pwani akavunjika kifundo cha mguu. Alifungwa plasta, akaletwa Mgogoni kwa bintiye ili asihangaike na mashua kila siku ya kwenda kutazamwa. Wiki sita alikaa kitandani. Plasta ilipofunguliwa, watu walishangilia, lakini siku tatu baadaye mguu ukaanza kujaa.

"Bi Time, njoo umkande mama," Asma alisema akiwa bado mlangoni. "Mguu umelala sana, unataka kuamshwa."

Bi Time alichukua chupa yake akafuatana naye. Bi Duni alikuwa kikongwe mdogo wa mwili, mwenye macho ya uchangamfu na mdomo usiopumzika.

"Ndiye wewe unayejua kazi za watu kwa kuwagusa?" aliuliza. "Haya, niguse mie uniambie nimefanya dhambi gani."

Wakacheka wote. Bi Time akapiga magoti, akaifunua miguu yote miwili. Hii ilikuwa desturi yake. Hata mtu akilalamikia mmoja, yeye huanza kwa kuiuliza yote. Akaweka kiganja kimoja kwenye kigimbi cha kulia na kimoja kwenye cha kushoto. Akatulia.

Wa kulia ulikuwa mguu wa kizee tu, mkavu, wa baridi kidogo. Wa kushoto ulikuwa na joto. Si joto la mtu aliyekuwa juani, bali joto linalotoka ndani, kama ukuta wa jiko. Ngozi ilikuwa imevutika hadi inang'aa. Akaubonyeza kwa ncha ya kidole, kidogo sana, na Bi Duni, aliyekuwa katikati ya maneno, akanyamaza na kuvuta pumzi kwa meno.

Vidole vya Bi Time vilitaka kuendelea. Huo ndio ukweli, na baadaye alikiri mwenyewe. Hajawahi kukutana na mguu kama ule, alitaka kujua mwisho wa joto ni wapi, ugumu umeanzia wapi, kuna nini mle ndani. Lakini aliisikia ile sauti kavu ya shangazi yake, akaondoa mikono yote miwili na kuipangusa kwenye kanga.

"Mguu huu siukandi."

"Kwani una nini?" Asma aliuliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Najua tu haukandwi. Mpelekeni spitali leo, msingoje kesho. Na asitembee."

Asma alisimama. "Spitali ametoka juzijuzi tu! Wametufungulia plasta, wakasema mfupa umeunga. Miaka yote hii watu wanakusifu, leo mama yangu ndiye unamshindwa?"

"Namwogopea."

"Basi niambie unaogopa nini!"

Aibu ilimpanda Bi Time. Alikuwa sasa amesimama mahali pale pale alipokuwa Bi Mwatum, akimwambia mtu asiguse bila ya kuwa na sababu mkononi. Na labda, aliwaza kwa mara ya kwanza, labda shangazi naye alikuwa hajui.

"Kama hukandi wewe, yupo mwengine," Asma alisema, akaanza kujifunga mtandio.

Bi Time hakubishana. Alitoka chumbani, akakaa chini kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, akanyoosha miguu yake ikaziba njia.

"Unafanya nini?" Asma aliuliza.

"Nimekaa. Atakayeingia kumkanda mama yako, atanirukia mie kwanza. Mumeo akirudi, nitazungumza naye, na akinifukuza nitaondoka."

Alikaa hapo kwa muda wa saa moja hivi. Asma alipita uani akipiga masufuria kwa nguvu ili asikike. Kutoka chumbani Bi Duni aliita mara mbili kuuliza kama mkandaji kageuka komeo la mlango. Othman alipotokea akitoka shamba, Bi Time alimweleza kwa maneno machache, akamwomba aingie aweke mkono wake mwenyewe kwenye miguu ile, mmoja baada ya mwengine. Othman aliingia. Alitoka upesi.

"Una moto," alimwambia mkewe, na bila ya kubadilisha nguo alikwenda kumwita jirani mwenye kigari cha mizigo. Walimlaza Bi Duni juu ya godoro, na gari likaondoka polepole.

Jioni ya pili Othman alileta habari. Madaktari walimpima Bi Duni kwa ile mashine ya kutazamia ndani, wakaona damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa mguu. Alikuwa anachomwa sindano za kuizuia isizidi kuganda na angebaki huko siku kadhaa. Kitu cha mwanzo walichouliza ni kama mguu umekandwa.

"Nikawaambia haukukandwa," Othman alisema. "Daktari akashusha pumzi."

Bi Time alimshukuru Mungu. Alipomaliza kushukuru, swali likaja likamkaa kifuani. Damu imeganda vipi? Damu si inakwenda? Na kama imeganda, si ndiyo ingetaka mkono wa kuilainisha? Alipika, alifua, aliswali, na swali likawa linamfuata nyuma kama kuku.

Baada ya wiki moja alivaa buibui lake jipya, akachukua machungwa na kikapu cha muhogo wa kuchemsha, akaenda kumtazama mgonjwa. Bi Duni alikuwa ameketi kitandani akiwasimulia wenzake wa wodini habari za mkandaji aliyeziba mlango kwa miguu yake. Bi Time alicheka naye, kisha akamwuliza muuguzi nani hapa anayeweza kumweleza mambo ya miguu. Muuguzi akamwonesha mlango wa mwisho.

Mle ndani alikuwepo Modester, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa kike kutoka bara, aliyekuja Pemba mwaka uliopita na mumewe mwalimu. Alikuwa anakunja mashuka.

"Shikamoo, bibi. Karibu ukae. Unaumwa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Siumwi. Nimekuja kuuliza."

Lakini hakuuliza. Macho yake yalikuwa yameshafika ukutani. Pale palibandikwa picha kubwa ya mtu mzima aliyesimama, kanyoosha mikono, na ngozi yote imeondolewa. Misuli yake ilionekana, myekundu, imepangwa kama ukili uliosukwa, mmoja ukipita juu ya mwenzake, na mwisho wa kila mmoja ule uzi mweupe ukijishika mfupani.

Bi Time aliinuka akasogea.

"Mwanamume huyu?" aliuliza.

"Ni picha tu, bibi."

"Najua ni picha. Tumfunike kidogo hapa, basi, nipate kumtazama vizuri."

Modester aliziba kicheko, akachukua karatasi na gundi ya plasta akambandika yule bwana kitambaa chake. Bi Time akaridhika. Akainua kidole, akaanza begani. "Huyu namjua," alisema taratibu. "Huyu ndiye anayefunga kwa walimu." Akashuka. "Huyu wa wakulima wa mwani. Na huyu... Huyu kumbe anafika mpaka huku! Siku zote namkuta huku chini, nikidhani ni mtu mwengine. Kumbe ni mmoja!"

Modester aliacha mashuka. Akaja kusimama pembeni yake, na kwa muda mrefu walikwenda hivyo, kidole cha Bi Time kikitangulia, Modester akitaja majina ya msuli mmoja baada ya mwengine. Majina yalikuwa marefu na mageni, Bi Time hakuyashika. Alichoshika ni njia.

Mwishoni ndipo alipouliza lake. Modester akavuta kiti, akamwekea mguu wake mwenyewe mbele.

"Moyo unasukuma damu ishuke miguuni, bibi. Kushuka ni rahisi. Kupanda ndiyo kazi. Sasa kila ukipiga hatua, kigimbi hiki kinaikamua mishipa, damu inapanda. Na ndani ya mishipa mna vilango vidogo vidogo. Damu ikishapita kwenda juu, vinajifunga, hairudi."

"Kama mlango wa dema," Bi Time alisema. "Samaki kuingia anaingia, kutoka hatoki."

"Hasa! Sasa mtu akikaa wiki sita hajapiga hatua..."

"Hakuna wa kuikamua. Inatuama."

"Ikituama, inaweza kuganda. Bonge likikaa mguuni, tunalo, tunalitibu kwa dawa. Lakini ukilisugua linaweza kukatika, likapanda na njia hiyo hiyo hadi kwenye mapafu. Mtu anaweza kufa mkononi mwako, bibi, hata neno la mwisho asiseme."

Bi Time alitazama mikono yake iliyokuwa mapajani. Alimwona Bi Mwatum amegeuza uso ukutani.

"Shangazi yangu alinikataza," alisema. "Kila nikimwuliza sababu, alinyamaza. Nilidhani ananinyima."

"Labda aliwahi kuona," Modester alisema kwa upole.

"Labda kwa mikono yake mwenyewe."

Hawakuliendeleza hilo. Lakini Bi Time alipoliweka chini, lingine likainuka. "Basi ndiyo maana tukianzia chini tukaenda juu! Tunakwenda na damu inakokwenda. Miaka arobaini na kitu, mwanangu, nimeifuata njia bila ya kujua inaelekea wapi."

Modester alimwambia kwamba kwa misuli iliyochoka na mtu asiye na hatari, kukandwa kila baada ya siku kadhaa hulegeza, hupunguza maumivu, na wengi hulala vizuri zaidi. Hakuponyi kila kitu, alisema, na mwili unataka kutembezwa pia, si kukandwa tu. Bi Time akamsimulia habari ya Mwanawema na kaa wa ukutani. Modester aliomba arudie tena maelezo ya zoezi lile, akayaandika kwenye daftari lake.

"Nina swali jengine," Bi Time alisema. "Nikimbonyeza mtu hapa, kati ya bega na uti wa mgongo, mara nyengine analia. Si kwa kuumia. Nikimwuliza, anasema hajui analilia nini. Kwa nini?"

Modester alifikiri. Alitazama picha ukutani kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Hilo bibi, hata mimi silijui sawasawa. Wanasema hili, wanasema lile."

Bi Time alifurahi kuliko kwa majibu yote aliyopewa. Akasimama nyuma ya kiti, akauliza, "Nikuguse?" Modester akaitikia. Vidole viwili vikatua shingoni mwake, vikashuka kidogo, vikasimama.

"Unalalia upande wa kushoto," Bi Time alisema, "na una mtoto mdogo unayembeba kwa mkono huu."

"Miezi minane," Modester alisema, akafumba macho.

Bi Duni alirudi Mgogoni na vidonge vya kumeza kwa miezi. Kijijini, kabla habari za spitali hazijafika, Asma alikuwa amepita akisema mkono wa Bi Time umekufa, na wateja wawili wakawa wamehama. Bi Time alilijua hilo wala hakulitaja. Alasiri moja Asma mwenyewe alikuja, akalala kwenye godoro bila ya kusema anaumwa wapi. Mgongo wake ulikuwa mgumu kote, hauna pa kuanzia. Bi Time alianza kiunoni, akapanda. Alipofika kati ya bega na uti wa mgongo, Asma akaanza kulia.

"Nisamehe, Bi Time. Nilikusema vibaya."

"Vuta pumzi," Bi Time alisema. "Tena. Iache itoke yenyewe."

Tangu hapo alibadilisha mambo mawili. Kabla ya kumgusa mtu, alianza kuuliza: umelala kitandani karibuni? Umefanyiwa operesheni? Umejifungua lini? Mguu mmoja unauma kuliko mwenziwe? Na alipokataa kumkanda mtu, alimpa na sababu, hata kama mtu hakuitaka. Wasichana wawili walioanza kujifunza kazi kwake walikuwa wanajua habari ya vilango vya mishipa kuliko habari za harusi.

Daktari alipomruhusu Bi Duni kurudi kwao, bibi alikataa kuondoka bila ya mkandaji wake. Basi Bi Time alipanda mashua kwenda Kojani, mahali ambapo hajawahi kufika ingawa aliishi jirani yake maisha yote. Nyumba zimebanana, watu tele, na habari zilikuwa zimeshatangulia. Ukumbini kwa Bi Duni wanawake walijaa kabla hajamaliza chai.

Wa kwanza alikuwa bibi mnene mwenye mikono mizito. Bi Time aliushika mkono wake wa kulia, akapita kwenye kiganja, kifundo, akapanda mpaka kiwiko, akarudi. Alikuta ugumu mahali ambapo hajawahi kuukuta kwa mtu, upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, kama kokwa ya tende.

"Usiniambie kazi yako," alisema upesi. "Ngoja nikisie. Unatwanga?"

"Hapana."

"Unasuka ukili."

"Sijui hata kuanza."

Wanawake wakaanza kucheka. Bi Time alifumba macho, akaibonyeza tena ile kokwa, akaufuata msuli wake taratibu kama alivyouona kwenye picha.

"Unafua nguo za watu?"

"Zangu zenyewe zinanishinda!" yule bibi alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, Bi Duni kuliko wote. "Nagonga chaza, mwenzangu. Nagonga kwa jiwe tangu sijaolewa, tena siku za bamvua, maji yakitoka mbali, nagonga kutwa."

"Chaza!" Bi Time alisema. Uso wake wote ulikuwa umefunguka. Aliusogeza mkeka, akakaa vizuri, mkono wa yule bibi bado mkononi mwake. "Jiwe lenyewe liko wapi? Hebu lilete. Nataka nione unavyolishika."